Majani ya Namna Mbili

Mwezi wa sita, kabla mikorosho haijatoa maua,
napanda na panga kiunoni.
Mti wa nne kutoka kichuguuni
una majani ya namna mbili.

Ya mkorosho hupishana, moja huku, jingine mbele kule,
mapana nchani kama mwiko.
Haya mengine yanatazamana, mawili mawili,
manene, ya kijivu kidogo,
ukiyakunja yanavunjika, hayapindi.

Muidini yuko chini, ameshika kamba:
“Baba, huu mkorosho umevaa nguo za nani?”

Kirukia.
Hata jina lake lina miguu.

Namweleza kutoka juu, nikitafuta pa kukanyaga.
Kitororo hula tunda jekundu.
Ndani mna mbegu moja, haina ganda,
ina utelezi usiokwisha hata tumboni,
naye hujipangusa tako tawini.
Mbegu inanata hapo kama ulimbo.
Inatoa kijichwa cha kijani, kinalikimbia jua,
kinainama hadi kwenye gome,
kinajibandika kama chuku ya kuumikia.
Kisha kutoka katikati ya chuku, ulimi mmoja
unapenya gome, unapita utomvu,
unafika pale maji yanapopandia.
Mizizi haina. Huo ulimi ndio mzizi, ndio kinywa,
ndio hati ya kiwanja.

“Basi mwizi,” anasema.

Nusu. Majani yake ni ya kijani,
chakula kinajipikia chenyewe kwa jua lake.
Kinachoibwa ni maji, na chumvi iliyomo majini.

Zamani, kabla ya jembe, kabla ya mtu wa kulishika,
bibi zake walikaa chini kama wenzao,
wakinyonya kwa siri mizizi ya majirani.
Msandali, binamu anayenukia,
bado anaiba hivyo hivyo, gizani.
Ukoo mmoja ukachoka na giza. Ukapanda,
si kwa siku moja, bali kwa matumbo ya ndege wasiohesabika,
ukiacha mizizi njiani, ukiacha ganda la mbegu,
kama mtu anayehama usiku.

Mimi nilikuja Kitangari na bomba la salfa mgongoni,
kibarua kutoka Liwale, msimu mmoja tu.
Nikala kwa mama yake Siwema. Nikabaki.
Huku mwanamume ndiye huhamia, shamba ni la wajomba,
na mjomba Chikopa, akihesabu magunia ghalani,
alisema bila kunitazama:
“Mwaka huu kirukia kimenenepa.”
Watu wakacheka. Nami nikacheka, gunia likiwa begani.

Hakusema, wala mimi sikusema,
kwamba mkorosho wenyewe ulishuka melini na Wareno.

Nashika kichala cha maua:
vijiti vya kiberiti, manjano shinani, vyekundu kichwani.
Chozi hukibana kimoja kwa mdomo,
kikapasuka, kikamrushia unga usoni.
Nabana kwa ukucha. Pa!
Muidini anacheka, anataka tena.

Panga.
Si kwenye uvimbe. Chini yake, kiganja kizima na zaidi,
maana ulimi umekwenda mbali kuliko unavyodhani.
Kinaanguka chote, na majani yake yanayotazamana.
Chozi anakuja, anaelea kitambo
mahali palipokuwa na ua.

Kwenye tawi la kale kuna kingine kilichokufa chenyewe.
Kimeoza, kimedondoka, kimeacha alama:
mti umefumuka pale, mikunjo juu ya mikunjo,
ua gumu, na patasi haikupita hapa.
Si mwili wa kirukia huo. Ni wa mkorosho,
ulivyojitanua miaka yote ile
kumzuia mgeni, au kumshika asianguke.
Sijui ni lipi.

Nalikata. Nalipuliza vumbi, nashuka nalo mfukoni.
Siwema analigeuza, analinusa,
analiweka dirishani kando ya redio.

Mjomba atakuja Ijumaa kuulizia shamba.
Ataliona, ataliuliza.
Nitamkaribisha chai.